Kwenye Gemu Hakuna Slaidi Tupu

Tarehe tisa mwezi wa tatu, miaka tisa iliyopita, nilimpoteza mke wangu Anastazia kwa homa. Naanza hapo kwa sababu mengine yote nitakayowaambia yamepitia hapo. Slaidi ya damu yake niliisoma mimi mwenyewe, nikaandika kwenye daftari: hakuna malaria. Na malaria haikuwepo kweli. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliandika kweli.

Mimi ni mtu wa maabara. Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, nikaajiriwa kuwa mfagizi kwenye kituo cha afya huku Kibondo, nikawa naosha slaidi, vile vioo vyembamba ambavyo tone la damu hupakwa juu yake. Kutoka kuosha nikafundishwa kupaka, kutoka kupaka nikafundishwa kutia rangi, na mwisho nikaruhusiwa kukaa kwenye darubini kutafuta vimelea. Nimekaa pale miaka thelathini na moja, mingine Kibondo, mingine Kasulu. Sasa nimestaafu.

Vijana wa maabara mmeniomba niwaandikie ninayoyajua, hasa kuhusu hizi gemu za kwenye simu ambazo siku hizi mnajifunzia kazi. Nitaandika, maana mwezi uliopita nilitakiwa kuamua kama binti mmoja aliyejifunza kwa gemu anaweza kupelekwa kijijini akasome damu za watu akiwa peke yake. Lakini msitegemee nizisifu.

Binti huyo anaitwa Rehema. Alikuja mwaka jana kutoka Tanga, ajira yake ya kwanza, maabara ya kituo chetu, akapanga chumba kwenye nyumba yangu, kile cha upande wa migomba. Wiki ya kwanza nikawa nasikia mlio kutoka kwenye simu yake, ting, ting, ting, halafu watu wanashangilia. Nikajua anabeti. Pale sokoni kuna kibanda ambacho vijana wanalipia kucheza mpira kwenye runinga, na jirani yake kuna kibanda cha kubeti, na mtu akitoka kimoja anaingia kingine kama anayehama chumba. Nikamsubiri atoke kuanika nguo.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "wazazi wako wanajua?"

"Wanajua nini, babu?"

"Hiyo michezo."

Akaweka beseni chini kwa kicheko. "Babu, hii ni kazi. Njoo uone."

Akanionyesha. Kwenye simu kulikuwa na duara, na ndani ya duara picha ya damu iliyotiwa rangi, safi kabisa, kama ninavyoijua. Unatafuta kimelea, unakigusa kwa kidole, simu inalia ting, unapata nyota. Ukigusa kisichokuwa kimelea, nyota inaondoka. Juu kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukimaliza kabla ya muda, watu wanashangilia.

"Nani hao wanaoshangilia?"

"Hakuna mtu, babu. Ni simu tu."

"Mimi nimesoma slaidi miaka thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kunishangilia."

"Ndiyo maana umenuna hivyo."

Utani wa mjukuu kwa babu unaruhusiwa, hata kama mjukuu ametoka Tanga. Akanipa simu nijaribu. Nikavaa miwani, nikatazama picha ya kwanza, nikakiona kimelea mara moja, kimekaa pembeni. Lakini mimi huwa sigusi kitu kabla sijatazama kila kona, basi nikatazama kila kona, na nilipomaliza saa ilikuwa imekwisha. Simu ikaandika: Jaribu tena. Picha ya pili hivyo hivyo. Baada ya picha kumi Rehema akachukua simu yake polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Babu, kwa huu mwendo wako gemu inasema hujui kazi."

"Hiyo gemu," nikamwambia, "haina haraka ya mgonjwa. Ina haraka yake yenyewe."

Ngoja niwaambie mimi nilifundishwaje.

Aliyenifundisha anaitwa Bukuru. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia huku, akawa raia, akaijua damu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani, na alipokuwa amesimama nyuma yangu alikuwa na neno moja tu: "Raba, mwana wanje. Raba buhoro." Tazama, mwanangu. Tazama polepole. Kama angesimama nyuma ya ile simu angepata sifuri, na wala asingejua kwamba kuna mchezo.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya mikono. Siku moja nilipaka slaidi ishirini, nikaziweka dirishani zikauke, nikaenda kunywa uji. Niliporudi, inzi walikuwa wamelamba damu yote, vioo vimebaki na madoa ya kuzunguka tu. Wagonjwa wako kwenye benchi wanasubiri. Bukuru alitazama zile slaidi, akatazama wale inzi.

"Leo wamepima inzi," akasema. "Nenda ukawaulize majibu."

Nikatoka nje kuwaomba watu ishirini vidole vyao tena. Tangu siku hiyo slaidi zangu hufunikwa. Kosa la pili, niliharakisha, nikaanika slaidi juu ya jiko la mkaa. Damu ya tone nene ikipata joto inaganda, haioshiki, na ukiitia rangi unaona weusi mtupu. Kwa hiyo kumbukeni: funika, na usikaushe kwa moto. Hamtayaona hayo kwenye simu, kwa sababu kwenye simu damu imeshapakwa na mtu mwingine, na yeye ndiye aliyefukuza inzi.

Kosa la tatu lilikuwa la jicho. Bukuru alikuwa na tabia ya kunichanganyia slaidi. Asubuhi ninakuta kumi mezani, ninasoma, ninaandika. Asubuhi moja niliweka moja kwenye darubini nikashtuka. Kila chembe nyekundu ilikuwa na kitu cha zambarau katikati. Kila moja. Nikakimbia kumwita.

"Mzee Bukuru, huyu mtu hatafika jioni. Malaria imemjaa. Yuko wapi tumpe dawa?"

Bukuru akainama akatazama, akachukua muda wake.

"Huyu mgonjwa," akasema, "tumemla jana na ugali."

Ilikuwa damu ya kuku. Chembe za damu ya ndege zina kiini katikati, za mtu hazina. Alichinja kuku nyumbani kwake, akapaka slaidi moja kabla ya kuosha kisu, akaileta kazini kwa ajili yangu. Kwa miezi miwili nilikuwa naitwa Daktari wa Kuku.

Nilipomsimulia Rehema hilo, alipiga makofi. "Kwa hiyo na wewe ulifundishwa kwa gemu, babu."

Sikuwa nimelitazama hivyo. Na kwa kuwa siwezi kuwadanganya, nakiri kwamba alinishika. Hata kuhesabu, Bukuru alinifundisha kwa kete za bao. Sheria ni kwamba huwezi kuandika hakuna malaria mpaka umetazama maeneo mia moja, yaani vipande mia vya slaidi, kimoja baada ya kingine. Mtu akihesabu kichwani hupotea, hasa akiwa na njaa. Bukuru aliweka kete kumi upande wa kushoto wa darubini. Ukimaliza maeneo kumi unasogeza kete moja kulia. Kete zote zikihamia kulia, umefika mia, unaruhusiwa kuandika.

Lakini nilikaa nikalifikiria kwa siku mbili, na nikarudi kwa Rehema na jibu.

"Gemu ya Bukuru," nikamwambia, "ilikuwa na kuku. Hiyo yako ina kuku?"

"Haina."

"Ina inzi? Ina rangi mbovu? Ina slaidi tupu, isiyo na kitu?"

Akafikiri. "Hapana. Kila picha ina kimelea. Isipokuwa nacho utapataje nyota?"

Hapo ndipo shaka yangu ilipopata jina lake. Kazi yetu ni ya slaidi tupu. Siku nyingi watu wanaokuja na homa hawana malaria, na slaidi zao hazina kitu unachokitafuta. Mtu aliyezoezwa kwamba kila picha ina zawadi ndani yake, mpe slaidi tupu, atakachofanya ni kuiwekea zawadi.

Nikataka kuhakikisha. Kituo kilipopata darubini ya umeme niliomba ile ya zamani, ya kutumia kioo na mwanga wa jua, nikapewa. Iko barazani kwangu. Na ninalo sanduku la mbao la slaidi za kufundishia, nilizozikusanya miaka yote, zimepangwa kwa namba, na majibu yake yako kwenye daftari. Nikampa Rehema sita. Tano alizisoma vizuri, tena upesi kuliko nilivyokuwa nazisoma mimi nilipokuwa na umri wake. Hata moja yenye vimelea vichache sana, ambayo kule Kasulu iliwahi kuwashinda watu wawili, aliiona. Nilishangaa, na sikumwonyesha.

Ya sita ilikuwa tupu. Alikaa nayo, akaizungusha, akarudi nyuma, akaenda mbele. Mwisho akasema, "Malaria ipo, babu. Mbili tatu hivi."

Nikatazama alichokiona. Chembe ndogo zinazogandisha damu, zimelalia chembe nyekundu. Hazikuwa malaria.

Nilifurahi. Nawaambieni hivyo kwa aibu, lakini nilifurahi. Nilienda kulisha mbuzi wangu nikitembea kama kijana. Baadaye nikakumbuka kwamba nilikuwa nafurahia kosa ambalo lingempa mtu dawa isiyo yake na kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake. Furaha ikaisha.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi na Jumapili mchana, Rehema alikaa barazani na kete kumi. Nilimpa slaidi tupu kwa wingi. Alichukia. "Babu, hizi zinachosha," alikuwa anasema. "Macho yananisinzia." Nikamwambia kwamba huo usingizi ndio kazi yenyewe, kukaa macho mahali ambapo hakuna kinachokuamsha. Jioni alirudi kwenye ting ting zake. Sikumkataza. Nilimwomba tu apunguze sauti ya wale wanaoshangilia.

Na nilimfundisha jambo moja zaidi, ambalo halimo kwenye simu wala kwenye darubini. Kabla ya kusoma slaidi, jua mgonjwa alilala wapi. Sikumwambia nililipata wapi. Ninyi nitawaambia.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa pili, shangazi yake Anastazia alifariki kule Nyakitonto. Anastazia akaenda msibani. Huku kwetu mwanamke aliyefiwa halali kitandani. Wanawake hulala chini kwenye mikeka, pamoja, mpaka matanga yaondolewe. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya zamani, sakafu ya udongo yenye nyufa, na vyumba viwili vilikuwa havijalaliwa muda mrefu. Walivifungua kwa ajili ya wageni. Anastazia alilala mle siku zote za msiba.

Alirudi, na baada ya siku sita akashikwa na homa kali. Sheria ya maabara ni kwamba usisome damu ya mtu wako. Jicho lako litaona unachokitamani. Lakini mwenzangu alikuwa semina, na mke wangu alikuwa anatetemeka kwenye benchi. Nikamtoboa kidole mwenyewe. Alicheka kidogo, akasema, "Miaka yote hii na leo ndiyo mara ya kwanza nakulipa kwa damu."

Nilifanya kila kitu. Nilifunika slaidi, nikaikausha kivulini, nikaweka kete kumi. Tatizo lilikuwa rangi. Chupa ilikuwa imefika chini, na rangi ya chini ya chupa huwa na mashapo. Ilitakiwa kuchujwa, nami sikuichuja. Nikatazama maeneo mia. Malaria hakuna. Katika sehemu mbili au tatu niliona vitu vyembamba kama nyuzi, vya zambarau. Nikajiambia, uchafu wa rangi. Wiki nzima nilikuwa nalalamika kwamba ile rangi ni chafu, basi uchafu ndio niliouona. Nikaandika hakuna malaria. Kile kipimo cha haraka cha mistari miwili nacho kilisema hakuna, kwa sababu nacho kinajua swali moja tu.

Siku ya tatu homa ikashuka yenyewe. Tukashukuru Mungu, akaenda kupalilia maharage. Wiki moja baadaye ikarudi, na safari hii ikampata akiwa hana nguvu. Tukampakia kwenye gari kumpeleka hospitali. Alifariki njiani.

Siku ya nne baada ya mazishi niliwaacha waombolezaji nyumbani nikaenda kazini. Slaidi yake ilikuwa bado kwenye droo. Nikaiweka kwenye darubini, na sasa sikuwa natafuta malaria, sikuwa natafuta chochote. Zile nyuzi zilikuwepo. Zilijikunja sawasawa, wimbi baada ya wimbi, kama springi ya kalamu. Uchafu haujikunji hivyo. Na Bukuru alishawahi kunionyesha, mara moja tu, mwaka wangu wa kwanza. Alisema, "Huyu ni wa papasi. Utamwona mara chache, ndiyo maana utamsahau." Papasi ni wadudu kama kupe, hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, wanauma mtu aliyelala chini kisha wanarudi ufani. Homa yao huja, huondoka, hurudi. Dawa yake ni vidonge vya kawaida. Vilikuwa kabatini, hatua nne kutoka nilipokuwa nimekaa.

Nilimwambia mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, wa wakati ule. Alisema lingempata mtu yeyote. Labda. Ile slaidi nilifuta namba yake, nikaiweka peke yake mwishoni mwa sanduku, na sikumwonyesha mtu. Kufuta namba nalo lilikuwa kosa. Slaidi isiyo na jina, Bukuru alisema, ni ya kila mtu.

Kwa hiyo mnaona kwa nini naishuku gemu. Kosa langu ni lile lile inalowafundisha. Nilijua kitu kimoja cha kutafuta, nikakitafuta vizuri sana, sikukiona, nikapata nyota yangu.

Mwezi uliopita, Jumatatu, mganga mfawidhi wa sasa alinipigia simu. Kuna zahanati kijijini, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki, wamepata darubini lakini hawana mtu.

"Mzee Gervas, wewe unaishi na huyu binti. Nimpeleke au asubiri mwaka mwingine? Kule hatakuwa na wa kumuuliza."

"Vyeti vyake vinasemaje?"

"Vyeti ni vizuri. Nakuuliza wewe. Ijumaa nipe jibu."

Sikumwambia Rehema. Jumanne sikulala vizuri mchana kama ninavyozoea, Jumatano pia. Nilikuwa naona mwanamke fulani nisiyemjua, anatetemeka kwenye benchi la ile zahanati, na Rehema ndani anatafuta zawadi.

Alhamisi alitoka kazini saa tisa alasiri. Jua lilikuwa zuri barazani. Nikafungua sanduku, nikatoa ile slaidi ya mwisho, nikaiweka kwenye darubini mimi mwenyewe na kurekebisha kioo. Sikumpa maelezo yoyote.

"Moja tu leo?" akauliza.

"Moja tu."

Akapanga kete kumi kushoto. Nikakaa kwenye kigoda nyuma yake, mahali ambapo Bukuru alikuwa anasimama. Kete ya kwanza ikaenda kulia. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne mkono wake ulisimama, halafu ukaendelea. Ya tano. Ya sita. Hapo akaacha kabisa.

"Babu, hapa kuna kitu."

"Malaria?"

"Hapana. Malaria mpaka sasa hakuna."

"Basi malizia mia uandike hakuna."

Akazungusha skrubu polepole, mbele, nyuma.

"Ni uchafu wa rangi," nikamwambia. Nilitaka kujua kama sauti ya mtu mzima itamhamisha. Na ilikuwa sauti ile ile niliyojiambia mimi.

"Shikamoo babu, lakini uchafu huu una adabu sana. Umejikunja sawasawa. Na kule kwenye kete ya nne niliona mwenzake, nikampita. Sasa nimemrudia. Ni yule yule."

"Kwenye gemu yako yumo?"

"Hayumo."

"Kama hayumo, umemwonaje?"

Aliondoa jicho kwenye darubini akanigeukia. "Wa kwenye gemu nimewazoea mpaka wananichosha, babu. Ningewaona hata nikiwa nasinzia. Huyu ndiye aliyeniamsha." Akaligusa sanduku. "Na zile slaidi zako tupu. Zilinikasirisha, lakini sasa najua tupu ikoje. Hii siyo tupu."

Nawaandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sijui niyagawe vipi. Sijui kiasi gani ni cha gemu, kiasi gani ni cha kete, na kiasi gani alizaliwa nacho. Mtu akiwaambia anajua, mshukuni.

Akarudisha jicho kwenye darubini. Halafu, bila kugeuka, akauliza kama nilivyomzoeza kuuliza.

"Huyu mgonjwa alilala wapi?"

"Msibani," nikasema. "Chini. Nyumba ya udongo, kule Nyakitonto."

"Chuoni tulisoma ukurasa mmoja tu wa homa ya papasi. Kulikuwa na picha ndogo. Nadhani ndiyo huyu." Kisha akaendelea. Kete ya saba. Ya nane. Ya tisa. Nilidhani ataacha, maana jibu analo. Hakuacha. Akafika mia, akaandika kwenye daftari: hakuna malaria, nyuzi zilizojikunja zimeonekana sehemu nne, nashuku papasi, mgonjwa aulizwe tena na apewe dawa leo. Neno leo alilipigia mstari.

Nikaingia ndani nikampigia mganga mfawidhi, ingawa Ijumaa ilikuwa bado.

"Aende," nikamwambia.

"Kwa hiyo gemu zinafundisha, mzee?"

"Sikusema hivyo. Nimesema huyu aende. Na mtafutieni rangi mpya, na karatasi za kuchujia."

Niliporudi barazani Rehema alikuwa amefuta yale mafuta ya kusomea, tunayodondoshea slaidi, kwenye lenzi na kwenye kioo, taratibu, bila kuikwaruza. Nikamwambia anakwenda wapi, na kwamba sanduku lote ni lake, na kete pia. Hakuruka wala kushangilia. Alikuwa ameishika ile slaidi kwa kingo zake, anaigeuza kwenye mwanga.

"Babu, hii haina jina wala namba. Nitaiwekaje kwenye sanduku?"

Nikavaa miwani.

Akachukua penseli kwenye daftari akanipa, pamoja na slaidi. Nikaandika kwenye ule ukingo wa kioo wenye ukungu, unaoshika penseli, Anastazia, na chini yake siku niliyomtoboa kidole. Rehema akalisoma lile jina, akatazama picha ya harusi iliyoko ukutani ndani ya mlango, akaipokea slaidi kwa mikono miwili. Akaiweka kwenye nafasi yake, akafunga sanduku.